Lovanium: Chuo Kikuu cha Kilima cha Kimwenza

Chuo Kikuu cha Lovanium kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwezi Oktoba 1954 kwenye uwanda wa Kimwenza, kusini mwa Léopoldville, mji ambao leo unaitwa Kinshasa. Kilikuwa chuo kikuu cha kwanza katika Kongo ya Kibelgiji, na mwenye mali hakuwa serikali ya kikoloni bali Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Leuven, Ubelgiji, kilichokipa chuo hicho kichanga jina lake lenyewe la Kilatini. Kiliishi kama chuo binafsi kwa miaka 17 tu. Mwaka 1971 Rais Mobutu alikitwaa, akakiunganisha na vyuo vikuu vingine viwili vya nchi hiyo, na jina la Lovanium likafutwa.

Miaka 17 si mingi kwa chuo kikuu. Hata hivyo ilitosha kuona kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika kikiwashwa, mjadala wa teolojia ya Kiafrika ukizuka ukumbini, wanafunzi wakitolewa darasani na kukabidhiwa wizara, na wengine wakipigwa risasi barabarani na jeshi la nchi yao. Mambo hayo yote yalizunguka swali moja ambalo waanzilishi hawakulijibu: chuo kikuu ni cha nani? Ni cha aliyekijenga, cha anayekilipia, cha nchi kilipo, au cha wanaosoma na kufundisha ndani yake?

Mizizi ya Kisantu

Habari za Lovanium zinaanzia mbali na Kimwenza. Mwaka 1926 maprofesa wa Leuven walianzisha mfuko wa tiba kwa ajili ya Kongo, uliojulikana kwa kifupi cha FOMULAC, na makao yake yakawa Kisantu, katika misheni ya Wajesuiti ya Kongo ya Chini. Palijengwa hospitali, na pembeni yake shule ya wauguzi na waganga wasaidizi. Mwaka 1932 ikafuata taasisi ya kilimo, CADULAC, nayo ikiwa na utafiti upande mmoja na mafunzo ya wasaidizi wa kilimo upande wa pili.

Waliohitimu kote kuwili walibaki kuwa wasaidizi. Mganga msaidizi alitibu, akatoa dawa na kuendesha zahanati nzima huko vijijini, lakini juu yake daima alikuwapo daktari Mzungu. Hakuwa na njia ya kupanda hadi cheo hicho, kwa kuwa nchi nzima haikuwa na mahali pa kukisomea. Hali hiyo haikutokana na bahati mbaya. Utawala wa Kibelgiji uliwaachia wamisionari karibu kazi yote ya elimu, na wamisionari wakajenga shule za msingi nyingi kuliko zilizokuwa katika makoloni mengi ya jirani. Ila ngazi ilikatwa mapema. Baada ya shule ya msingi kulikuwa na ukarani, ufundi, ualimu na uuguzi, basi. Wakubwa wa koloni waliamini kwamba msomi ni mwanzo wa fujo, na waliona kwa wenzao Waingereza na Wafaransa jinsi vijana waliorudi na shahada walivyorudi pia na madai.

Mlango mmoja tu ulibaki wazi, nao ni seminari. Ndiyo maana Wakongo wa kwanza kusoma kwa kina walikuwa mapadri. Stefano Kaoze, Mkongo wa kwanza kupata upadri katika zama za ukoloni wa Kibelgiji, alipewa daraja hiyo mwaka 1917 huko Baudouinville, Moba ya leo, kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika. Alikuwa amepitia miaka mingi ya Kilatini, falsafa na teolojia, masomo ambayo karani wa serikali hakuruhusiwa hata kuyakaribia. Kwa walei hali ilikuwa ngumu zaidi. Mlei wa kwanza wa Kikongo kumaliza chuo kikuu, Thomas Kanza, alipata shahada yake Leuven mwaka 1956, miaka minne tu kabla ya uhuru. Kufikia wakati huo Makerere ilikuwa tayari ikiwapa vijana wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar shahada za Chuo Kikuu cha London.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia msimamo huo haukuweza kutetewa tena kwa urahisi. Mwaka 1947 shule za juu za Kisantu ziliwekwa chini ya mwavuli mmoja ulioitwa Kituo cha Elimu ya Juu cha Lovanium. Wajesuiti walitaka kituo hicho kikue palepale walipokilea. Leuven ikaona vingine: chuo kikuu kamili kingehitaji kuwa karibu na mji mkuu, penye hospitali kubwa, wagonjwa wengi, ofisi za serikali na uwanja wa ndege. Leuven ndiyo iliyoshinda.

Padri mwanafizikia

Kazi ya kukijenga chuo ilikabidhiwa Luc Gillon, padri wa Kibelgiji ambaye pia alikuwa mwanafizikia wa nyuklia. Ndiye aliyekuwa mkuu wa chuo tangu kufunguliwa hadi mwaka 1967, na ni vigumu kutaja jambo lolote la miaka hiyo bila kukuta mkono wake. Alikuwa mtu wa kuharakisha mambo, na alikuwa na sababu. Mwaka 1954 uchaguzi wa Ubelgiji uliwaingiza madarakani Waliberali na Wasoshalisti, na Wizara ya Makoloni ikaenda kwa Auguste Buisseret, Mliberali asiyependa kuona elimu ya Kongo ikiwa mikononi mwa Kanisa peke yake. Buisseret alifungua shule za serikali zisizo za dini, na mwaka 1956 serikali ikaanzisha chuo kikuu chake katika mji wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Ugomvi wa shule uliokuwa ukiigawa Ubelgiji ukahamia Afrika, na nchi ambayo kwa miaka hamsini haikupewa chuo kikuu hata kimoja ikajikuta na viwili ndani ya miaka miwili. Gillon alikuwa amewahi. Siku Buisseret anaanza kupekua majalada ya wizara, madarasa ya Kimwenza yalikuwa tayari yanajengwa.

Kilima kiligeuzwa mji mdogo. Kulikuwa na vitivo, maabara, maktaba, mabweni, nyumba za maprofesa, kanisa lililowekwa chini ya ulinzi wa Bikira Maria wa Hekima, na hospitali ya kufundishia ambayo hadi leo ndiyo hospitali ya chuo kikuu mjini Kinshasa. Wakazi wa mji walianza kukitazama kilima hicho kama dunia nyingine, na kwa namna fulani kilikuwa hivyo. Mwanafunzi wa Lovanium alikuwa na chumba, taa ya umeme na chakula cha uhakika, ilhali kaka zake waliobaki katika mitaa ya Waafrika walikuwa wakihangaikia hata maji.

Jambo moja linastahili kutajwa kwa heshima yake. Tangu siku ya kwanza Lovanium ilipokea Waafrika na Wazungu pamoja, katika darasa moja na kwa mtihani mmoja. Nje ya geti, Léopoldville ilikuwa bado mji wa mitaa iliyotengwa kwa rangi. Ndani, mtoto wa mlowezi na mtoto wa katekista waliketi benchi moja. Uongozi na ualimu, hata hivyo, ulikuwa wa Wabelgiji karibu watupu, na maamuzi makubwa yalifanyika Leuven. Usawa wa darasani haukufika kwenye meza ya bodi, na pengo hilo ndilo lililokuja kuleta matata baadaye.

Fedha nazo zilikuwa na utata wake. Kisheria chuo kilikuwa binafsi, lakini ardhi na sehemu kubwa ya ruzuku ilitoka serikalini. Baada ya uhuru, serikali ya Kongo iliendelea kuchangia, Ubelgiji ikalipia walimu wengi, na Wamarekani wakaingia kupitia misaada ya serikali yao na mifuko ya Ford na Rockefeller. Karo za wanafunzi hazikuwahi kukiendesha chuo, kwa hiyo kila aliyechangia alikuwa na sababu ya kujiona mmojawapo wa wenye nyumba.

Vitivo na masomo

Mfumo wa masomo ulichukuliwa Ubelgiji bila kupunguzwa wala kuongezwa. Lugha ilikuwa Kifaransa, na ngazi zilikuwa zile za Leuven: miaka ya maandalizi, kisha shahada, kisha udaktari. Hoja ya waanzilishi ilikuwa kwamba shahada hafifu ingekuwa tusi kwa Mwafrika, na kwamba cheti cha Kimwenza lazima kiwe na thamani ileile ya cheti cha Ulaya. Hoja hiyo ina uzito, na wahitimu wengi waliishukuru baadaye. Gharama yake ilikuwa kwamba wachache tu waliweza kupenya. Baadhi ya vitivo, cha sheria kikiwamo, vilidai msingi wa Kilatini, na Kilatini kilifundishwa seminarini na katika shule chache mno. Chuo kililazimika kuwa na mwaka wa awali wa kuziba mapengo ya sekondari kabla ya wengi kuingia kitivoni. Wasichana walikuwa wa kuhesabika, kwa kuwa shule za kuwaandaa zilikuwa haba zaidi.

Kadiri miaka ilivyokwenda chuo kilikuwa na vitivo vya tiba, sayansi, kilimo, uhandisi, sheria, uchumi na sayansi za jamii, falsafa na fasihi, saikolojia na elimu, na teolojia. Havikuwa na nguvu sawa. Vitatu kati ya hivyo viliacha alama inayoonekana hadi leo.

Cha kwanza ni tiba. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960 haikuwa na daktari hata mmoja mzalendo. Shirika la Afya Duniani lililazimika kuwapeleka waganga wasaidizi Ufaransa wamalizie masomo ya udaktari, huku Lovanium ikiendelea kuandaa madaktari wake kuanzia mwanzo. Mmoja wa waliosomea tiba Lovanium alikuwa Jean-Jacques Muyembe, aliyehitimu mwaka 1969 na baadaye kuchukua udaktari wa falsafa katika virusi huko Leuven. Mwaka 1976 ugonjwa usiojulikana ulipozuka Yambuku, kaskazini mwa nchi, Muyembe alikuwa miongoni mwa wanasayansi wa kwanza kufika, akachukua sampuli za wagonjwa kwa mikono isiyo na kinga ya kutosha na kunusurika. Ugonjwa huo ukaja kuitwa Ebola. Miongo miwili baadaye, damu ya mtu aliyepona mlipuko wa Kikwit wa mwaka 1995 ilikuwa chimbuko la dawa ya kingamwili ambayo mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha mwaka 2020, na jina la Muyembe limo katika utafiti huo tangu mwanzo.

Kitivo hicho kiliacha pia hazina ambayo hakuna aliyeijua wakati inawekwa. Katika idara ya patholojia kila kipande cha nyama kilichokatwa kwa mgonjwa kwa ajili ya uchunguzi kililowekwa katika dawa, kikafunikwa kwa nta, kikapewa namba na kuwekwa kwenye ghala. Kazi hiyo ya kila siku, ya kuandika namba na kupanga masanduku, iliendelea mwaka baada ya mwaka, na masanduku yakanusurika katika mageuzi yote ya nchi. Mwanzoni mwa karne hii watafiti wa Kongo, Marekani na Ulaya waliyafungua wakitafuta mabaki ya virusi vya Ukimwi. Katika kipande kidogo cha tezi ya mwanamke mmoja, kilichokatwa Léopoldville mwaka 1960, walivikuta. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Kwa kukilinganisha kirusi hicho na kingine cha mwaka 1959 kutoka mji huohuo, waliona kwamba aina hizo mbili zilikuwa zimekwisha kutofautiana sana, na kwamba virusi hivyo vilikuwa vikienea kwa binadamu tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Ni mambo machache katika historia ya tiba yaliyotegemea namna hiyo utunzaji mzuri wa ghala.

Cha pili ni sayansi, na hapo ndipo kinu cha nyuklia kinapoingia. Mgodi wa Shinkolobwe huko Katanga ndio uliotoa sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani kutengeneza mabomu ya kwanza ya atomiki. Baada ya vita Ubelgiji na Marekani zilifungua ushirikiano wa nyuklia kwa matumizi ya amani, na Gillon akaona nafasi: nchi iliyotoa madini ipate nayo sehemu ya elimu. Mwezi Juni 1959 kinu cha TRICO, chenye nguvu ya kilowati 50, kiliwashwa kwenye kilima cha Kimwenza. Hakikuwa cha kuzalisha umeme. Kilikuwa cha kufundishia na cha kutengeneza vitu vyenye mnururisho kwa ajili ya utafiti wa tiba na kilimo, kikiwa kimezamishwa ndani ya maji ili kupoza na kukinga mionzi. Kinu cha pili, chenye nguvu ya megawati moja, kilianza kazi mwaka 1972, wakati chuo kilikwisha kuwa cha serikali, na kilizimwa mwaka 2004.

Wapo waliokiona kinu hicho kuwa ni fahari tupu: nchi isiyo na daktari wala mhandisi wake yenyewe ilikuwa na kinu cha nyuklia. Lawama hiyo ina ukweli, lakini haimalizi jambo. Wanafizikia na wakemia wa Kikongo walisomea kazi yao palepale badala ya kuhamia Ulaya, na kituo hicho kikawa cha kwanza cha aina yake kusini mwa Sahara. Usalama wake ndio uliokuja kuleta wasiwasi zaidi kuliko maana yake, hasa pale fimbo za fueli zilipoibwa na moja ikakamatwa Italia mwaka 1998, na pale mmomonyoko wa udongo ulipoanza kuula mteremko wa kilima.

Cha tatu ni teolojia, kilichopata idhini ya Roma mwaka 1957. Tarehe 29 Januari 1960 mwanafunzi wa kitivo hicho, Tharcisse Tshibangu, alisimama mbele ya wenzake na walimu wake kujadiliana na mkuu wa kitivo, Alfred Vanneste. Tshibangu, aliyekuwa na miaka 26, alishikilia kwamba inawezekana kuwa na teolojia yenye sura ya Kiafrika, inayochota katika fikra, alama na maisha ya Waafrika. Vanneste alijibu kwamba imani ni ya watu wote, hivyo teolojia inapaswa kwanza kuwa teolojia ya kweli yenye viwango vya ulimwengu mzima kabla ya kutafuta rangi. Mjadala ulichapishwa, ukasomwa seminarini kote katika Afrika ya Kifaransa, na tangu hapo hakuna anayeandika juu ya teolojia ya Kiafrika bila kuanzia hapo. Katika kitivo hichohicho Vincent Mulago, padri kutoka upande wa Bukavu, aliongoza utafiti wa dini za asili uliopewa jarida lake mwaka 1967. Inafaa kukumbuka kwamba mwalimu alikubali kubishana hadharani na mwanafunzi wake, miezi mitano kabla ya uhuru, katika koloni ambako Mwafrika kumkatalia Mzungu mbele ya watu lilikuwa jambo la hatari.

Sayansi za jamii ziliishi kwa karibu zaidi na misukosuko ya nchi. Taasisi ya Utafiti wa Uchumi na Jamii, iliyojulikana kwa kifupi cha IRES, ilipeleka watu sokoni kuandika bei za mihogo, samaki wa kukaushwa, vitambaa na mafuta ya taa. Wakati takwimu za serikali zilipovurugika baada ya 1960, orodha hizo za bei zilikuwa mojawapo ya njia chache za kujua mshahara wa mfanyakazi wa Léopoldville ulikuwa umeshuka kiasi gani. Mtafiti Benoît Verhaegen naye alikusanya barua, vipeperushi, kadi za vyama na ushahidi wa maasi ya Kwilu, Uvira, Fizi na Maniema, wakati bunduki zilikuwa bado zinalia. Vitabu vyake viwili juu ya maasi hayo vilitoka mwaka 1966 na 1969. Habari nyingi za Wasimba, waasi wa mashariki ya Kongo waliopigana na kuapishana kwa Kiswahili, zingepotea kama si makabrasha hayo.

Uhuru na kilima

Siku ya uhuru Kongo nzima ilikuwa na wahitimu wa chuo kikuu wasiojaza hata darasa moja. Mwezi Septemba 1960 Kanali Mobutu aliwasimamisha wanasiasa na kuikabidhi serikali kwa baraza la makamishna lililojaa wahitimu na wanafunzi, baadhi yao wakiwa bado hawajamaliza mitihani. Étienne Tshisekedi, mwanafunzi wa sheria Lovanium, alipewa unaibu kamishna wa sheria. Baraza lilidumu hadi Februari 1961, na mwaka huohuo Tshisekedi akarudi kumaliza, akawa miongoni mwa Wakongo wa kwanza kupata udaktari wa sheria. Alimtumikia Mobutu kwa miaka mingi kabla ya kumgeuka na kuanzisha chama cha upinzani cha UDPS mwaka 1982.

Kwa wengi wa rika lile shahada ilikuwa tiketi ya cheo, na nchi iliwahitaji kweli. Lakini kilimani palikuwa na kundi jingine lililosoma maandishi ya Fanon ya kupinga ukoloni na kumlilia Lumumba, waziri mkuu wa kwanza aliyeuawa. Mwaka 1961 wanafunzi wa Kongo waliunda umoja wao, UGEC, uliozidi kuegemea mrengo wa kushoto. Mwezi Machi 1964 wanafunzi wa Lovanium waligoma na kufunga chuo. Walidai walimu Waafrika, mitaala inayoihusu Afrika, na sauti katika uendeshaji. Walisema wazi kwamba chuo kilichoko Kongo hakiwezi kuendelea kutawaliwa kutoka Leuven.

Mgomo huo haukuleta yote, lakini ulisukuma mambo. Mwaka 1967 Gillon aliondoka katika ukuu wa chuo na nafasi ikachukuliwa na Tshibangu yuleyule wa mjadala, akiwa na miaka 34. Lovanium ikawa na mkuu Mkongo. Kilichobaki wazi kilikuwa mamlaka, na upande wa pili wa meza sasa hakukuwa na Wabelgiji bali Mobutu, aliyetwaa madaraka mwezi Novemba 1965 na ambaye hakupenda kuona chombo chochote kikisimama nje ya chama chake. Mwezi Januari 1968 wanafunzi walimzomea makamu wa rais wa Marekani, Hubert Humphrey, alipokwenda kuweka shada kwenye mnara wa Lumumba. Mwaka huohuo UGEC ikapigwa marufuku.

Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi waliteremka mjini. Madai yalikuwa ya kawaida kabisa: posho isiyotosha baada ya bei kupanda, na haki ya kushiriki katika uongozi wa chuo. Jeshi liliwangojea njiani na kuwafyatulia risasi. Serikali ilitangaza vifo vichache. Wanafunzi walihesabu makumi, na maiti hazikurudishwa kwa familia ili zizikwe kwa desturi zao. Viongozi wa wanafunzi walihukumiwa vifungo virefu, kisha wakasamehewa kabla ya mwaka kwisha. Msamaha huo haukuponya kitu. Ndugu ambaye hakuona kaburi hawezi kufunga matanga.

Miaka miwili baadaye, mwezi Juni 1971, wanafunzi walikusanyika kuwakumbuka wenzao. Mobutu alifunga chuo na kuwaandikisha jeshini kwa wingi. Vijana waliokuwa wakiandaa mitihani ya udaktari na sheria walinyolewa vichwa na kupangwa kwa mistari kambini. Mwezi Agosti serikali ikatangaza kuundwa kwa chuo kikuu kimoja cha taifa, UNAZA, kilichomeza vyuo vitatu: Lovanium ya Wakatoliki, Chuo Kikuu Huru cha Waprotestanti kilichoanzishwa mwaka 1963 huko Kisangani, na chuo cha serikali cha Lubumbashi.

Baada ya Lovanium

Mageuzi hayo yaliwahamisha watu na vitabu. Kinshasa ilibaki na tiba, sheria, uchumi na sayansi. Saikolojia na elimu vikaenda Kisangani. Fasihi na sayansi za jamii vikapelekwa Lubumbashi. Wapo walioona katika mpango huo nia ya kuwaweka wanafunzi wenye maneno mengi mbali na mji mkuu. Matokeo yake hayakutarajiwa na mtu. Walimu wa fasihi na falsafa walijikuta katika mji wa migodi unaozungumza Kiswahili mitaani, sokoni na viwandani, na utafiti juu ya Kiswahili cha Katanga, nyimbo zake, maigizo yake na uchoraji wake ukapata wenyewe. V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Jadotville, Likasi ya leo, na kuhitimu Lovanium mwaka 1966, alikuwa miongoni mwa waliohamia huko. Baadaye aliondoka nchini, na kitabu chake cha mwaka 1988 juu ya jinsi elimu ya Ulaya ilivyoiunda picha ya Afrika kinasomwa katika vyuo vikuu vya dunia nzima. Vipo vitabu vichache vinavyochunguza kwa ukali namna ile shule za misheni na chuo cha kilimani vilivyomlea mwandishi wake.

Tshibangu ndiye aliyekabidhiwa UNAZA, akaiongoza hadi ilipogawanywa mwaka 1981 kuwa vyuo vikuu vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani. Chuo Kikuu cha Kinshasa kilirithi kilima, hospitali, kinu na ghala la patholojia, pamoja na wanafunzi wengi mara nyingi kuliko wale ambao mabweni ya Gillon yalijengewa.

Kanisa halikurudishiwa kilima. Mwaka 1974 serikali iliitoa teolojia nje ya chuo cha taifa, na maaskofu wakakichukua kitivo hicho na kukiendesha wenyewe. Mwaka 1987 kikaungana na falsafa na masomo mengine kuwa Vitivo vya Kikatoliki vya Kinshasa, na mwaka 2009 kikapewa jina la Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Kongo. Safari hii mwenye mali si chuo cha Ulaya bali baraza la maaskofu wa nchi yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1980, serikali ya Mobutu ikiwa imeishiwa fedha, elimu ya juu binafsi ilikubaliwa tena, na mashariki ya nchi ikawa ya kwanza kuchangamka: Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu na kile cha Graben huko Butembo vyote vilianza mwaka 1989, na Waprotestanti walikuwa wamekwisha kuanza Goma mwaka 1985. Vyuo hivyo vilijengwa kwa michango ya waumini, wafanyabiashara na wazazi wa Kivu, na vimeendelea kufundisha katikati ya vita vilivyoizunguka miji hiyo tangu mwaka 1996.